Babu Hakujiita Mpagani

Ndugu msomaji, usinicheke. Wasifu wangu ninao tayari. Nimeuandika mwenyewe nyuma ya daftari la riwaya, kwa mtindo uleule wa Wikipedia: jina, tarehe ya kuzaliwa, halafu "ni mwandishi wa riwaya wa Tanzania". Riwaya yenyewe haijatoka, imekwama sura ya nne tangu mwaka jana. Lakini ndoto haina kodi, na najua wengi mnaosoma hapa mmeshafanya hivyo hivyo, ila mnaona soni kusema.

Kazi inayonipa ugali ni ya steshenari, hapa Mwanza. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote nachapa wasifu wa marehemu. Mtu akifa usiku, asubuhi ndugu zake wako kwenye benchi letu na karatasi iliyoandikwa kwa peni ya kuazima.

Siku moja umeme ulikatika, nikakaa kusoma maisha ya waandishi kwenye simu. Nikakutana na Margot Adler. Mmarekani, alizaliwa 1946, mjukuu wa Alfred Adler, yule daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna. Alikuwa mtangazaji wa redio ya NPR kwa miaka mingi. Mwaka 1979 alitoa kitabu kinene, Drawing Down the Moon, kuhusu wapagani wa Marekani wa zama hizi, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, tena kuhani. Alifariki 2014. Nikarudia kusoma. Mpagani! Neno limekaa pale limetulia, kama vile wameandika mwalimu au fundi cherehani.

Kwetu halikai hivyo. Shule ya msingi, kipindi cha dini, mwalimu alikuwa anagawa: Wakristo huku, Waislamu kule, wapagani chukueni mafagio. Baadaye nilikuja kusoma kwamba asili yake ni neno la Kilatini, paganus, yaani mtu wa shamba. Kumbe wote tulikuwa tunaitana washamba tu!

Babu yangu alikuwa mshamba kweli, mtu wa pamba na ng'ombe. Mtama mpya ukivunwa hakuonja mpaka amewapa kwanza waliotangulia, anamwaga kidogo chini, anawataja kwa majina, mmoja mmoja, bila haraka. Sijawahi kumsikia akijiita mpagani. Hilo lilikuwa neno la katekista, la baba mkubwa, na la mama akiwa na hasira. Yeye ukimuuliza dini yake alijibu, "Mimi ni mtoto wa baba yangu," akaendelea na kazi.

Alikufa 2019. Baba mkubwa akaniambia, "We si ndo mwandishi? Andika." Nikakesha. Kurasa mbili. Nikaweka mtama, nikaweka yale majina, nikaweka na lile jibu lake. Asubuhi baba mkubwa akasoma amesimama, akatoa peni, akaanza kukata. Juu ya mistari yangu akaandika kwamba marehemu alibatizwa na kupewa jina Yosefu. Ni kweli alimwagiwa maji, siku tatu kabla hajafa, nilikuwepo. Wakati huo hata mimi alikuwa hanitambui.

"Baba mkubwa, lakini babu mwenyewe..."

"Unataka uwe wewe wa kumtia babu yako motoni?"

Nikachapa. Kopi hamsini. Msibani, msomaji alipotaja "Mzee Yosefu", bibi mmoja pale nyuma akamuuliza mwenzake, "Yosefu ndo nani? Hivi tumekuja msiba gani?" Watu wakajizuia kucheka. Mimi nikatazama viatu vyangu. Baba mkubwa sio mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa anamwogopea baba yake. Lakini vidole vilivyochapa ni vyangu.

Ndiyo maana kanuni moja ya Wikipedia ilinikaa kooni. Mtu aliye hai haruhusiwi kupangwa kwenye kundi la dini fulani mpaka awe amejitaja mwenyewe hadharani, na dini hiyo iwe inahusika na yale yaliyompa umaarufu. Adler alijitaja, kitabu kizima. Babu yangu alitajwa. Kwanza na waliomwita mpagani, mwishoni na waliomwita Yosefu.

Sio kwamba huko kwa wenzetu ni peponi. Mwaka 2013 jarida la Salon lilimfichua mhariri mmoja wa Wikipedia, naye mwandishi wa riwaya, aliyejificha nyuma ya jina la bandia. Ukurasa wake mwenyewe alikuwa anaupamba, za waandishi wengine anazifyeka, na waandishi wapagani walikuwemo kati ya waliofyekwa. Akafungiwa. Niliposoma habari ile nilimwona kabisa amesimama asubuhi, peni mkononi. Halafu nikakumbuka daftari langu, ule wasifu wa kujipamba, nikaenda kulifunika kwa gazeti.

Kopi moja ya Mzee Yosefu ninayo bado. Zile kurasa mbili za kwanza sinazo, baba mkubwa aliondoka nazo na sijathubutu kumuuliza. Sura ya nne imekwama hapohapo: kuna mzee anamwaga mtama chini, na mimi sijajua nimpe jina gani.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, amefiwa na mumewe. Akanipa karatasi. Palipoandikwa dini pamefutwa mara mbili mpaka pametoboka. Nikamwamkia, nikampa pole, kisha nikamuuliza, "Mama, yeye mwenyewe alikuwa anajiitaje?"

Akanitazama. Akavuta kigoda, akakaa.

"Una muda, mwanangu?"

Nikazima mashine ya kopi.