Usidharau Tone la Mfereji

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani. Jibu lake lilikuwa fupi: alikuwa akiwatumikia ahali zake, na ufikapo wakati wa Sala hutoka kwenda kusali. Katika mapokezi mengine imetajwa kuwa akishona nguo yake na akitengeneza viatu vyake mwenyewe.

Basi tutazame majumba yetu hapa Unguja. Mfereji wa jikoni unadondoka, mlango wa friji haushiki, ufa umejitokeza ukutani. Mwenye nyumba husema, "Ataitwa fundi," na mwezi ukapita, na wa pili, fundi hajaitwa. Katika muda huo nani anayebeba taabu? Si yule anayetoka asubuhi akarudi magharibi. Ni mama na watoto wa kike, wakingao ndoo na kufuta maji sakafuni.

Nia yangu si kuwafundisha mafundi kazi yao. Nataka tuzungumze juu ya mambo madogo ambayo, ukishaijua sababu yake, dawa yake huwa nyepesi.

MAJI

Tone likianguka kila sekunde, kwa siku moja yatakuwa matone 86,400. Matone 20 hivi hufanya mililita 1, kwa hivyo hayo ni zaidi ya lita 4. Sasa linganisha. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, ambayo sisi twaiita kibaba. Kwa kipimo cha madhehebu yetu ya Shafi, hiyo ni kiasi cha robo tatu za lita, au pungufu kidogo. Maana yake ni kwamba maji yanayopotea kwa tone hilo yangemtosha mtu kutawadhia Sala zote tano, na yakabaki. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba walitutaka tuweke akiba. Nasi hapa kibaba chetu chajaa na kumwagika usiku kucha, ilhali jirani wa juu hana maji ya kutosha.

Mara nyingi ubovu ni kipira kidogo kilichomo ndani ya mfereji, kimelika. Funga maji ya tangini, fungua kichwa cha mfereji kwa spana, kitoe kipira hicho, ukichukue dukani ukanunue cha ukubwa ule ule. Ni kazi ya nusu saa.

Choo cha kuvuta nacho huvuja kimya kimya. Tia rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi lake, usivute maji, ungoje kama nusu saa. Ukiiona rangi imeshuka bakulini, jua kuna uvujaji.

Maji yetu ya Unguja hutoka katika ardhi ya mawe ya chokaa, ndiyo maana birika hufanya ukoko mweupe ndani. Usiukwangue kwa kisu. Tia maji na ndimu au siki, chemsha, acha yapoe, na ukoko utalegea wenyewe. Lakini shika neno hili: siki au ndimu isichanganywe kamwe na jiki ya kufulia nguo nyeupe. Vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

UMEME

Wengi wetu tunakumbuka mwezi wa Mei 2008, kisiwa kilipoingia gizani karibu mwezi mzima, kwa kuwa njia ya umeme utokao Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika. Tena Disemba 2009 ikawa vile vile, na safari hii giza likaendelea karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Maji yakakatika, kwa sababu pampu huendeshwa kwa umeme. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na Alhamdulillahi hali ikawa bora. Lakini umeme ungali ukikatika mara kwa mara, na mafunzo ya siku zile yasisahauliwe.

La kwanza ni mtungi wa udongo. Katika giza lile niliiona mitungi ikirudishwa barazani katika nyumba ambazo zilikuwa zimeifanya mapambo. Mtungi hupoza kwa sababu maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, yakafika nje yakakauka kwa upepo, na yanapokauka huondoka na joto. Kwa hivyo uweke kivulini penye upepo, wala usiupake rangi, maana rangi huziba vitundu vyake. Mwalimu mmoja wa Nigeria ya Kaskazini, Mohammed Bah Abba, aliifuata kanuni hiyo hiyo: aliweka chungu ndani ya chungu, na mchanga wa maji baina yake, ili mboga za wakulima zisioze. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Kwetu wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, upozaji hupungua. Lakini siku kavu za upepo utauona.

La pili ni friji. Bana kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila ya kushikwa, mpira wa mlango umechoka, na pesa zako za umeme zinatoka hapo. Nafasi tupu zijaze chupa za maji, kwani maji yaliyokwisha poa hushikilia baridi umeme ukikatika.

La tatu ni mwanga. Simamisha chupa nyeupe ya maji juu ya tochi ya simu, na mwanga utatawanyika chumbani. Yafaa kuliko kibatari kilicho karibu na chandarua.

La nne ni uhai wenyewe. Seredani yenye makaa isilazwe chumbani kulikofungwa madirisha, hata kwa kufukiza udi, wala jenereta isiwashwe ndani ya nyumba au ukumbini. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki.

KUTA

Kwa ndugu zetu wa Mji Mkongwe, neno hili ni lenu khasa. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimelala juu ya boriti. Kuta za namna hii hunyonya unyevu na kuutoa, mfano wa mtu anavyovuta pumzi. Ukizipiga lipu ya saruji, umezifunga pua. Unyevu hubaki ndani, ukala chokaa iliyoshika mawe, na baada ya miaka lipu hubanduka kwa vipande vikubwa na ukuta ukawa vumbi. Chokaa hupigwa lipu ya chokaa. Ni kazi ya subira, na sharti usikie rai ya Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujagusa jambo kubwa.

Lakini yapo ambayo hayangoji rai ya mtu. Kabla ya masika na kabla ya vuli, panda darini uondoe majani katika michirizi. Maji yakikosa njia huingia ukutani na kuoza ncha za boriti, pale pasipoonekana, na dari huanguka siku isiyo na mvua. Mche wa mtini uliochipua ukutani ung'oe ungali na majani mawili; ukiuacha, mizizi yake itayatenganisha mawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nyumba zetu huenda ukawa na kaburi la kuchimba kabla ya ukuta wa kujenga.

Ndugu msomaji, usiyafanye haya peke yako. Mwite mwanao wa kiume na wa kike pia, washike spana, waione sababu kwa macho yao. Hilo ndilo fungu la urithi lisilogombaniwa. Na leo usiku, watu wakishalala, simama jikoni usikilize. Ukisikia tone, jua kuna kazi ya kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq.