Soma Bustani Kabla ya Sura

Tanga

Mpenzi Zuhura,

Bibi yako anakusalimu na anauliza kama baridi imepungua.

Barua yako imenifurahisha, ila kwa jambo moja sikubaliani nawe. Umesema ulizipita haraka picha ndogo za Kihindi pale Victoria and Albert Museum, London, kwa kuwa watu wake wote wamegeuza uso upande, hawacheki wala hawalii. Kwa nyingi ni kweli, mwanangu. Lakini wachoraji wale hawakuiweka hisia usoni, waliiweka bustanini.

Rudi ukaitafute picha ya mfalme Babur akisimamia ujenzi wa Bagh-i-Wafa, Bustani ya Uaminifu, karibu na Jalalabad, Afghanistan. Aliichora Bishndas, sura akazitia Nanha, mnamo 1590 hivi, zama za Akbar, mjukuu wa Babur. Wewe unayesomea usanifu wa majengo utampenda yule fundi aliyeshika ramani ya miraba. Wenzake wamevuta kamba, wanapima. Mifereji imeigawa ardhi mafungu manne, mikomamanga imezaa. Langoni wageni wanasubiri, na mfalme ameshughulika na vitalu. Huyu ndiye aliyeiteka Delhi mwaka 1526 kisha akalalamika kwamba Hindustan haina maji yanayotiririka, akaanza kutengeneza bustani Agra. Uso wake haukwambii kiu hiyo, mifereji inakwambia.

Kisha nenda kwenye picha za karne ya 18 za Guler na Kangra, chini ya Himalaya, nchi ya wachoraji kina Nainsukh. Utamkuta mwanamke anamngoja mpenzi usiku, ameketi juu ya tandiko la majani. Uso umetulia kabisa. Sasa tazama pembeni: mmea unaotambaa umeukumbatia mti, ndege wako wawili wawili, mawingu ya masika yamejaa. Kila kiumbe kina mwenzake isipokuwa yeye. Mchoraji angemtia machozi ya nini tena?

Usidharau udogo wa kazi. Karatasi zilibandikwa tabaka juu ya tabaka, zikasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka zikang'aa. Brashi ilikuwa ya manyoya ya kindi, na radi ya mawinguni ikachorwa kwa unga wa dhahabu. Picha hizi zilishikwa mkononi na kuinamishwa huku na huku ili dhahabu ipate mwanga. Kwa kuwa zako ziko nyuma ya kioo, inama wewe.

Ninachokuomba ni kidogo: chagua picha moja tu, uikalie robo saa. Usisome kibao cha maelezo mpaka umewahesabu ndege. Kisha niandikie ni nani aliyekosa mwenzake.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanaidi