Aliyekata Waya wa Ethi

Kila uhamisho wa mtumishi wa umma huacha nyuma yake mnada mdogo. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na hasa baada ya mji huu kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, biashara ya vyombo vilivyotumika imekuwa sehemu ya maisha yetu. Anayehamia anatafuta kitanda, jokofu na makochi. Anayehamishiwa Kigoma au Lindi hana namna ya kuvibeba vyote. Vitu hupita mikono mitatu au minne, na kila mkono huacha alama yake, ingawa si kila alama huonekana kwa macho.

Kwa njia hiyo nilipata hita ya maji ya kuogea, ya tangi, lita 80. Uwanda huu uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ambayo mgeni kutoka Pwani haiamini mpaka imguse. Mama yangu anaishi nami na viungo vyake vinamsumbua. Kwake maji ya moto si anasa. Aliyeniuzia naye alikuwa ameinunua kwa mtu mwingine. Ilifungwa ukutani, taa yake nyekundu ikawaka, na kwa wiki mbili nyumba nzima ikaisifu.

Kisha dalili zikaanza, moja baada ya nyingine. Maji ya moto yakawa yanakwisha kabla mtu wa pili hajaoga. Ndani ya tangi kukasikika mlio kama wa bisi zinazopasuka sufuriani. Hatimaye asubuhi moja Mama akaniambia, "Mwanangu, hilo bomba linaning'ata." Nikazima umeme wa hita saa ile ile na kumwita fundi.

Fundi alikuwa kijana mtulivu, asiye na haraka ya kutaja bei. "Mwalimu, kwanza tuimwage maji, halafu tuifungue. Hita haisemi mpaka uione tumbo," alisema. Alipofungua kifuniko cha chini, yalimwagika mawe meupe membamba kama maganda ya mayai, karibu nusu ndoo. Elementi, yaani koili inayochemsha maji, ilikuwa imevaa ukoko mnene kiasi kwamba umbo lake halikutambulika.

Ukoko huo kila mama wa Dodoma anaufahamu kutoka kwenye birika lake. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka ardhini, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa jiji. Ni maji magumu, yaliyopita kwenye miamba na kubeba madini ya kalsiamu na magnesiamu. Yakiwa baridi, madini hayo hukaa yameyeyuka, hayaonekani. Yakipata moto, kalsiamu hujitenga na kuganda kuwa chokaa, na huganda zaidi pale penye joto kali, juu ya elementi yenyewe. Chokaa huzuia joto lisitoke kwenda kwenye maji. Elementi hubaki ikijipika yenyewe mpaka ganda lake la chuma linapasuka.

Tuliiosha kwa siki. Chokaa hutoa mapovu inapokutana na asidi, kisha hulegea na kubanduka kwa brashi bila kuukwangua mwili wa tangi. Fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu kwa niaba ya tangi, ilikuwa imebaki waya mtupu. Fundi akachukua mita akapima elementi. Kati ya ncha zake mbili alipata takribani omu 26, kiasi kinachotarajiwa kwa elementi ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230. Lakini alipopima kati ya ncha moja na ganda la nje, mahali ambapo umeme haupaswi kupita kabisa, mita ikaonesha kwamba unapita. Elementi ilikuwa ikipasha maji huku ikivujisha umeme ndani yake.

Swali likawa: mbona breka ya nyumba, iliyotengenezwa ikate umeme pindi uvujaji unapofikia miliampea 30, ilikaa kimya? Fundi akamulika tochi kwenye maungio ya nyaya. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ulikuwa umekatwa kwa koleo, na ncha yake imefungwa vizuri kwa utepe mweusi. Akauunganisha kwa muda na kuwasha. Breka ikakata papo hapo.

"Sasa inasema kweli," alisema.

Nimemfikiria sana mtu aliyeukata waya ule. Sidhani kama alikuwa mwovu. Yamkini aliitwa kwenye nyumba ambayo breka ilikuwa inakata kila alfajiri, mwenye nyumba akitaka kuoga awahi kazini. Kukata waya kulichukua dakika moja. Breka ikatulia, mwenye nyumba akafurahi, fundi akalipwa. Ila ule uvujaji haukwenda popote. Ulihamishwa kutoka kwenye breka, ambayo haina uhai, ukapelekwa kwa yeyote atakayegusa bomba, na katika nyumba yangu huyo alikuwa mama mzee.

Msomaji wangu, tabia hii imevuka zamani mipaka ya bafu. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ili ripoti yake ifike kwa Rais na kisha bungeni. Huyo ndiye waya wetu wa ethi. Aprili 2019, hapa hapa Dodoma, Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti, kwa sababu alitumia neno "udhaifu" alipolizungumzia Bunge. Mjadala ukawa juu ya neno na heshima. Mawe meupe yaliyokuwa tumboni mwa hita hayakujadiliwa kwa uzito ule. Ofisini nako hali ni hiyo: karani anayesema hesabu za kisima hazilingani huhamishwa, na mwanafunzi anayeuliza ada imekwenda wapi huitwa mkorofi. Kikao kinatulia, lakini wanaokunywa maji ya kisima kile ni wengine.

Hata hivyo bonde la Makutupora lina funzo jingine. Tangu miaka ya 1950, watumishi ambao majina yao hatuyajui wamekuwa wakipima kina cha maji katika visima vyake na kukiandika. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55, wakaonesha kwamba hazina hiyo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na kati ya misimu hiyo hushuka. Habari hiyo si tamu kwa jiji linalokua. Lakini tunaijua, kwa sababu kulikuwa na watu walioandika tarakimu ilivyo, ikipanda au ikishuka, mwaka baada ya mwaka.

Kwa anayenunua hita ya mtumba, ushauri wangu ni mfupi: ifungue kabla ya kuifunga ukutani, ondoa ukoko, badilisha fimbo ya magnesiamu, na mwambie fundi akuoneshe waya wa ethi kwa macho yako. Iwapo breka inakata, usimshukuru anayeinyamazisha. Na kwa mtumishi ambaye mezani pake kuna ripoti inayomuudhi mkubwa wake: koleo liko mkononi mwako, na atakayegusa bomba kesho humjui.