Michoro ya Gizani

Mwishoni mwa Oktoba 2010 magazeti yalitoa habari ya maonyesho ya sanaa yaliyofunguliwa na kufungwa usiku uleule. Wasanii 103 walikuwa wamepelekwa kwa siri, muda wa zaidi ya mwaka mzima, ndani ya stesheni ya treni chini ya jiji la New York. Stesheni yenyewe ilianzwa ikaachwa, haijawahi kubeba hata abiria mmoja. Kila msanii alipewa usiku mmoja tu: unashuka na rangi na tochi, unachora, unapanda juu, basi. Waandalizi wakaiita The Underbelly Project, kisha wakaondoa njia ya kushukia.

Nilicheka. Mimi ni wa Nairobi, na huku mchoro unaleta nauli. Kijana wa Rongai ataacha gari lenye viti tupu lipite, angoje lile lililochorwa. Hata baada ya 2004, serikali ilipolazimisha mstari wa manjano kwa kila matatu, rangi zilirudi tu, kwa sababu zinaonekana. Sasa mchoro uliofungiwa gizani ni wa nini, jameni?

Paris walau naielewa. Mwaka 2013 wasanii zaidi ya mia walijaza jengo la ghorofa lililongoja kubomolewa, watu wakapiga foleni mwezi mzima, kisha tingatinga likaja.

Lakini ile stesheni imekataa kunitoka. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika: insha za wanafunzi wa ng'ambo, maneno ya tovuti za kuuza magodoro. Hakuna hata moja yenye jina langu. Mathe huuliza, "Na hizo vitu zako mimi nitasoma wapi?" Namwambia ziko kwa intaneti. Si uongo. Kuna mtu huko Marekani amevaa joho kwa aya zangu.

Wale wasanii walijificha, ndiyo, lakini wengi wao waliweka majina yao, hata kama ni ya mtaani. Zangu zinasomwa mchana kweupe na hazina mwenyewe.

Siku hizi nikimaliza kazi ya mteja, mara nyingi saa nane ya usiku, naandika ukurasa mmoja ambao hakuna aliyeuagiza. Kwa Kiswahili, jina langu juu. Ziko 41 sasa, kwenye faili niliyoiita Stesheni. Mathe hajaziona bado. Hii ndiyo ya kwanza kutoka.