Mwanga haujali mbio zako

Jamani, hebu fikirini. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Abiria akirusha mpira mbele kwa kilomita 20, aliyesimama barabarani atauona ukienda 100. Sasa dereva awashe taa. Wa ndani na wa nje watapima mwendo uleule wa mwanga: takriban kilomita 300,000 kwa sekunde! Inakuwaje?

Mwaka 1887, kule Cleveland, Marekani, Michelson na Morley waliugawa mwanga njia mbili, wakitarajia mwendo wa dunia kulizunguka jua ulete tofauti kati yake. Tofauti waliyoitarajia hawakuiona. Wanasayansi wakahangaika kuinusuru nadharia yao.

Mwaka 1905 Einstein akageuza kibao: tuukubali mwanga ulivyo, tuuhoji muda. Mwendo ni umbali kugawanya kwa muda. Kama mwendo wa mwanga haubadiliki, basi vipimo vyetu vya umbali na muda ndivyo vinavyotofautiana.

Sisi waandishi hurudi na habari isiyofanana na tuliyotumwa kuitafuta, na kishawishi cha kuikatakata ili ienee ni kikubwa. Mimi nasema iacheni ilivyo. Pengine kinachotakiwa kuhojiwa ni kile tulichodhani hakina swali.