Kuta za Korongo la Oldupai

Ukisafiri kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti, jitahidi upite Oldupai. Kuta za korongo lile zafikia kimo cha meta 90 hivi, nazo ni tabaka juu ya tabaka: chini mwamba mweusi wa volkano, juu yake udongo wa kijivu, kisha mwekundu kama tofali.

Zamani palikuwa bonde lenye ziwa. Volkano za Ngorongoro zilimwaga majivu, vijito vikaleta tope, vyote vikatuama humo. Baadaye nchi ya Bonde la Ufa ikazidi kupasuka. Upande wa mashariki ukadidimia, pale Olbalbal. Mto ukateremkia huko, ukakata tabaka zote kama kisu.

Katika tabaka la chini Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe mfano wa mtu, mwaka 1959. Umri wake, karibu miaka milioni 1.8, ulijulikana kwa majivu ya tabaka lile.

Mimi niliokota kijiwe, nikakitia mfukoni. Kiongozi wetu akaniona. “Bwana, umekitoa tabaka gani?” Sikuweza kumjibu. Akakipokea, akakigeuzageuza, akasema sasa hakuna awezaye kujua umri wake.