Nusu ya "Vilevile"

Swali lenyewe ni fupi: ukilinganisha na mwezi uliopita, hali imepanda, imebaki vilevile au imeshuka? Nchini Kenya, mameneja wa kampuni zipatazo 400 huulizwa hivyo kila mwezi kwa ajili ya kipimo kinachobeba jina la Stanbic Bank. Huulizwa kuhusu oda mpya, uzalishaji, ajira, muda wa kuletewa mizigo na akiba ya bidhaa zilizonunuliwa. Asilimia ya waliosema "imepanda" hujumlishwa na nusu ya waliosema "vilevile". Kipimo kikizidi 50, biashara zinakua. Kikiwa chini, zinasinyaa. Oktoba 2017, Kenya iliporudia uchaguzi wa rais, kilishuka hadi 34.4. Takwimu za pato la taifa huchukua miezi kutoka. Hizi huchukua siku chache.

Kwa utafiti wangu wa shahada ya uzamili nililibeba swali hilo Makole, biashara kwa biashara. Dodoma ina majira yake: mishahara ikitoka mji unachangamka, Bunge la bajeti likianza Aprili wageni wanajaa, likiahirishwa viti vinabaki vitupu.

Mama mmoja muuza chakula alinijibu, "Kawaida tu, mwanangu." Nikaweka alama kwenye "vilevile". Kisha nikauliza kuhusu ajira. Msaidizi wake alikuwa ameondoka. Mkaa? Zamani alinunua gunia, sasa ananunua kwa ndoo. Bei ya sahani haijabadilika, ila wali umepungua.

"Sasa mbona umesema kawaida, mama?"

"Nikisema biashara imelala, nani atakuja kula kwangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kipimo hakiridhiki na swali moja. "Biashara inaendaje?" ni swali la heshima, na mtu hulijibu kwa heshima. Gunia la mkaa halina haya. Lakini kampuni 400 zina vitabu na mameneja. Mama huyu hayumo kwenye orodha ya aina hiyo, na msaidizi wake hayumo kabisa.

Mama yangu anauza mboga Kondoa, na sehemu ya ada yangu inatoka mezani pake. Kila nikimpigia husema, "Kawaida tu." Siku hizi siishii hapo. Namuuliza amechukua matenga mangapi wiki hii. Hunyamaza kidogo, kisha hutaja idadi.